Kuomba kwa Kiingereza Bila Kuamrisha

Mtoto wa Dar es Salaam akisema “Nipe maji”, huenda asipewe maji bali swali: “Ndivyo unavyoomba?” Akirekebisha, akasema “Naomba maji”, kikombe kinakuja. Nairobi mambo ni mengine. Kwenye kibanda cha chai, “Nipe chai na chapati mbili” ni maneno ya kila asubuhi, na muuzaji haoni kosa lolote. Utani huu wa majirani ni wa siku nyingi: Watanzania huwaona Wakenya wanaamrisha, na Wakenya huwaona Watanzania wanazunguka mbuyu.

Wakifika kwenye Kiingereza, wote wawili hujikwaa. Aliyelelewa kwa “naomba” hufungua kamusi, akakutana na “beg” na “request”, kisha akamwambia mgeni “I beg water” au “I request for water”. Aliyezoea “nipe” hulitafsiri lilivyo: “Give me water.” Wa kwanza ameonekana ombaomba, wa pili ameonekana bosi, na hakuna aliyekusudia hivyo. Mhudumu wa London, mtalii wa Chicago au mpishi wa Kifilipino katika hoteli ya Dubai angesema: “Can I have some water, please?” Ndani ya sentensi hiyo hamna kuomba wala kupa. Kilichomo ni kuweza.

Kwa hiyo mambo mawili ambayo vitabu vya wanaoanza huyaweka katika sura tofauti, yaani kueleza uwezo na kuomba kwa adabu, yana faida zaidi yakisomwa pamoja. Kitenzi kinachoyabeba ni kimoja. Hata vyeti vya lugha vimejengwa juu yake: mfumo wa viwango uliotolewa na Baraza la Ulaya mwaka 2001, ule wa A1 hadi C2 unaotajwa kwenye matangazo ya kazi na ya vyuo, hueleza kila kiwango kwa sentensi zinazoanza na “can”. Mtu wa A1 anaweza kujitambulisha, anaweza kuuliza na kujibu maswali rahisi. Kiwango ni orodha ya mambo ambayo mtu anayaweza.

Uwezo kwanza

Makosa ya anayeanza kutumia “can” hayatokani na uvivu. Mengi yanatoka moja kwa moja kwenye Kiswahili, na akishajua yanatoka wapi huyaona yakija.

Lile kubwa linaletwa na “ku-”. Kwa kuwa tunasema “naweza kuogelea”, ulimi unatafuta cha kuweka mahali pa “ku-”, unapata “to”, na sentensi inatoka “I can to swim”. Kiingereza hakitaki kitu chochote kati ya “can” na kitenzi: “I can swim”, “I can cook”, “I can drive a lorry”. Kosa jingine huwapata zaidi wanafunzi wenye bidii, wale waliokariri kwamba “he” na “she” hudai “s”. Wakishajua kusema “she cooks”, huendelea hadi “she cans cook” au “she can cooks”. Hiyo “s” haina nafasi hapa. Mimi, wewe, rais, kundi zima la mbuzi: wote ni “can”, na kitenzi kinachofuata hakibadiliki.

Kwenye swali, “do” haihitajiki. Si “Do you can swim?” bali “Can you swim?”, kitenzi kimeruka mbele ya mtu. Kukanusha ni “cannot”, linaloandikwa kama neno moja, na katika mazungumzo ni “can't”.

Kuna jambo linalostahili kukaliwa kidogo. Kiswahili kinatenganisha kujua na kuweza. Kijana aliyezaliwa katika kijiji cha pwani cha Kizimkazi anajua kuogelea. Leo ana homa, kwa hiyo hawezi. Kiingereza kinatumia kitenzi kimoja kwa yote mawili: “He can swim, but he can't swim today.” Historia ya neno lenyewe inaeleza sababu. “Can” ilitokana na kitenzi cha Kiingereza cha kale, “cunnan”, kilichokuwa na maana ya kujua, na ina undugu na “know”. Anayetaka kusema “najua kupika” asianze kuhangaika na “know”, maana atatumbukia kwenye “I know to cook”, ambayo si sahihi. “I can cook” inatosha. Akiipenda sana “know”, basi aifuatishe na “how”: “I know how to cook.”

Watu wa Unguja na Mombasa wana mtego wao wa ziada. Kwao “hawezi” maana yake pia ni mgonjwa: “Baba hawezi siku ya tatu leo.” Ikitafsiriwa “Father can't”, Mwingereza atabaki anasubiri kitenzi, baba hawezi nini? Hapo panahitajika “My father is ill” au “My father isn't well”.

Uwezo una vipimo. Msailiwa anayejibu kila swali kwa “Yes, I can” hamridhishi anayemsaili, kama vile asivyoridhisha anayejibu “ndiyo” kwa kila kitu. Kwa uwezo mkubwa kuna “very well”, kwa wa kawaida “quite well”, kwa mdogo “a little”, na kwa unyenyekevu kuna “not very well”. Aliyeomba kazi ya udereva na kuongoza watalii Arusha anaweza kusema: “I can drive very well. I can speak German a little.” Kifungu kingine kinachofaa ni “good at”, nacho huharibika Afrika Mashariki nzima kwa kuwekewa “in”: “I am good in mathematics.” Kiingereza sanifu kinasema “good at mathematics”, “good at cooking”, “good at repairing phones”. Ikifuatwa na kitenzi, kitenzi hicho huishia na “-ing”.

Jana na kesho

Wakati uliopita wa “can” ni “could”. “L” yake haitamkwi, na kwa kweli haikustahili kuwepo tangu mwanzo: iliingizwa na waandishi wa zamani walioiga “would” na “should”, ambazo zina “l” kwa haki. Neno hutamkwa “kud”, basi.

“Could” inaeleza uwezo wa jumla wa zamani: “My grandmother could read Arabic.” Ila kwa tukio moja lililofanikiwa, Kiingereza hutaka “was able to” au “managed to”. Mpagazi wa Kilimanjaro anayesimulia safari ya wiki iliyopita hatasema “She could reach the top”. Atasema “She was able to reach the top”, maana anazungumzia mteja mmoja na siku moja aliyofika kilele cha Uhuru, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari. Angekuwa anasimulia aliyeshindwa, mambo yangekuwa mepesi, kwani “She couldn't reach the top” inafaa bila masharti. Tofauti hii huwasumbua hata waliosoma miaka mingi, kwa hiyo anayeanza asikose usingizi kwa ajili yake.

Kesho ni jambo jingine, maana kosa lake linasikika haraka. Kiswahili kinaunda “nitaweza” bila shida, na wengi husema “I will can”. Kiingereza hakiruhusu vitenzi hivyo viwili kuongozana. Ni “I will be able to”: “I will be able to start on Monday.” Katika mazungumzo ya kawaida “I can start on Monday” inatosha, hata kama Jumatatu bado haijafika.

Matamshi yana uzito kuliko watu wanavyodhani. Katika “I can swim”, Mwingereza na Mmarekani huitamka “can” kwa wepesi mno, karibu “kn”, na nguvu yote huiweka kwenye “swim”. Katika “I can't swim”, nguvu inakwenda kwenye “can't”, ambayo Mwingereza huitamka “kaant” na Mmarekani karibu na “keent”. Mmarekani huimeza “t” ya mwisho mara nyingi, kwa hiyo anayesubiri kuisikia atasubiri bure. Kinachomwambia msikilizaji kama ni ndiyo au hapana ni uzito wa neno. Mswahili aliyezoea kutamka kila silabi kwa ukamilifu husema “ai KAN swim” kwa mkazo, na mgeni husikia “can't”. Kama ni kwenye usaili, kazi imepotea hapo.

Neno likiwa mwishoni, hata hivyo, hurudishiwa uzito wake. Kaulimbiu ya Barack Obama ya mwaka 2008, “Yes we can”, haina “kn” yoyote. “Can” imesimama wima kwa kuwa hakuna kitenzi baada yake. Jibu fupi la “Yes, I can” hutamkwa hivyohivyo. Anayetaka kuzoesha sikio ana vipindi vya bure vya BBC Learning English, huduma iliyoanza kufundisha Kiingereza redioni mwaka 1943 na sasa iko kwenye simu. Asikilize “can” peke yake kwa siku mbili tatu, mengine ayaache yapite.

Uwezo unapogeuka kuwa ombi

Mtu akiwa mezani akaulizwa “Can you pass the salt?”, hakuna anayetaka kujua afya ya mkono wake. Anaombwa chumvi. Kujibu “Yes, I can” huku umekaa ni mzaha wa watoto wa shule. Umbo ni lile lile la swali la uwezo, na kinachotofautisha ni hali ilivyo.

Kwa nini Kiingereza kizunguke hivyo badala ya kusema wazi? Penelope Brown na Stephen Levinson, wataalamu wa isimu waliotoa kitabu mashuhuri kuhusu adabu katika lugha mwaka 1987, walieleza kwamba kumwomba mtu kitu ni kuingilia uhuru wake, na lugha mbalimbali zimebuni njia za kupunguza uzito wa kuingilia huko. Swali la uwezo ni njia mojawapo. Humwachia anayeombwa mlango wa kutokea: akitaka kukataa, atasema hawezi, na hatakuwa amemkataa mtu.

Kiswahili kinapunguza uzito huo mapema, kabla hata kitenzi hakijafika. Kwanza salamu, na kama ni mzee, shikamoo. Kisha “mama”, “kaka”, “dada”, “mzee wangu”. Kisha “samahani”. Ombi linapofika limeshalainika, na “Dada, niletee chai” haimkwazi mtu, kwa sababu “dada” limefanya kazi kubwa. Kiingereza cha Uingereza na Marekani hakina akiba hiyo ya majina ya udugu kwa watu usiowajua. Ukimwita mhudumu wa mgahawa “sister” atageuka kutazama ni nani anayeitwa. “Sir” na “madam” zipo, ila hutumiwa zaidi na anayehudumia kuliko anayehudumiwa. Kwa hiyo mzigo wote wa adabu umeangukia kwenye kitenzi kisaidizi, na mwanafunzi anayekiacha ameiacha adabu yote.

Habari njema ni kwamba ngazi yenyewe si ngeni. Mswahili ana “Funga mlango”, kisha “Ufunge mlango”, kisha “Naomba ufunge mlango”, na akiwa mbele ya mkubwa, “Nilikuwa naomba, kama inawezekana, ufunge mlango”. Kiingereza kinapanda vivyo hivyo: “Close the door”, “Can you close the door?”, “Could you close the door?”, na huko juu “I was wondering if you could close the door”. Tazama ngazi ya mwisho ya kila lugha. Zote zimerudi kwenye wakati uliopita, “nilikuwa” na “I was”, ingawa hakuna aliyekuwa anaomba jana. Wakati uliopita unaleta umbali, na umbali unaleta heshima. “Could” ya ombi ndiyo hiyo: haihusu zamani hata kidogo. Vilevile “-nge-” ya “ningependa” ndiyo “would” ya “I would like”, na ndiyo sababu “I'd like two teas, please” inasikika vizuri wakati “I want two teas” inasikika kama mtoto anayedai.

Anayeanza hahitaji ngazi zote. “Could you...?” kwa kumwomba mtu afanye jambo, na “Could I...?” au “Can I have...?” kwa kuomba ruhusa au kitu, zinamtosha dukani, ofisini, hotelini na uwanja wa ndege. Ngazi ya juu kabisa ikitumiwa kuombea chumvi huchekesha. Ihifadhiwe kwa mambo mazito kama kuomba mshahara wa mapema.

Naye aliyepitia sekondari ya Tanzania, ambako masomo yanahama kutoka Kiswahili cha shule ya msingi kwenda Kiingereza, huja na “May I” tangu kidato cha kwanza: “May I come in?”, “May I go out?” Ya kwanza ni hodi nzuri ya ofisini hadi leo. Ya pili ibaki darasani. Mtu mzima anayehitaji msalani katika ofisi ya watu husema “Excuse me, could I use the toilet, please?” Walimu wa zamani walishikilia kwamba ruhusa ni “may” na “can” ni ya uwezo tu, na Waingereza wengi waliwahi kukumbana na mwalimu aliyejibu “Can I go to the toilet?” kwa kejeli, kwamba sijui, je, unaweza? Siku hizi “Can I” inakubalika karibu kila mahali, na “May I” imebaki na harufu ya suti.

Amri nayo ina mahali pake

Itakuwa kosa kudhani kwamba amri ni mwiko. Mtaalamu wa Kiingereza Geoffrey Leech alieleza mwaka 1983 kanuni ambayo anayeanza anaweza kuitumia siku hiyo hiyo: angalia faida inakwenda kwa nani. Jambo likimnufaisha anayeambiwa, amri ni adabu. “Come in”, “Have a seat”, “Have some more rice” ni ukarimu mtupu, na mwenyeji anayeuliza “Could you have some more rice?” atamshangaza mgeni wake. Jambo likimnufaisha anayesema, ndipo swali linapohitajika. Ndiyo maana “Sit down and eat” ni nzuri na “Bring me a chair” si nzuri, ingawa zote ni amri.

Hatari nayo haina muda wa adabu. Mwongoza watalii wa Serengeti anayemwona mtu akifungua mlango wa gari karibu na simba hasemi “Would you mind”. Anasema “Stop! Close the door!” na hakuna atakayelalamika.

Maneno yaliyozoeleka nyumbani

Sentensi chache za Afrika Mashariki zinahitaji kuangaliwa moja moja, kwa kuwa kwetu hazina kosa na nje hazieleweki.

“Niazime kalamu” imezaa “Borrow me your pen”. Kiswahili kinamwacha “azima” afanye kazi pande zote mbili, anayetoa na anayepokea. Kiingereza kimegawa: anayepokea ana “borrow”, anayetoa ana “lend”. Kwa hiyo ni “Can I borrow your pen?” au “Could you lend me your pen?”, na maana ni ile ile. Kwa asiyetaka kukumbuka zote mbili, ya kwanza inatosha maisha yote.

“Nisaidie kalamu” ikawa “Assist me with a pen”, inayosikika sana Kenya. Mgeni atadhani kalamu imeharibika na inahitaji msaada. “Naomba unipunguzie” ya sokoni huwa “Reduce for me”, afadhali “Could you come down a little?” “Nishushe hapo mbele”, kwa dereva wa teksi, ni “Could you drop me just up there, please?”

Simu ina lake. “Nani mwenzangu?” ni swali la upole kabisa kwa Kiswahili, lenye hata undugu ndani yake. “Who are you?” ni swali la polisi. Kiingereza cha simu ni “Who's calling, please?”, na kumtaka mtu ni “Could I speak to Asha, please?”

“Kidogo” yetu ya kulainisha, ile ya “nisubiri kidogo” na “nina swali kidogo”, haigeuki “small” wala “little”. Kazi yake hufanywa na “just”, “a moment” na “quick”: “Could you wait a moment?”, “Can I just ask a quick question?” Na “samahani” imegawanyika: kabla ya kumsumbua mtu ni “Excuse me”, baada ya kumkanyaga ni “Sorry”.

Ipo sentensi moja ambayo, kama mwanafunzi atakariri moja tu kutoka makala haya, iwe hii: “Sorry, could you say that again, please?” Ndugu yake ni “Could you speak more slowly, please?” Wengi wasiposikia husema “What?” au “Repeat!”, au hutikisa kichwa kana kwamba wameelewa kisha wakapelekwa chumba wasichokitaka. Mwenye sentensi hizi mbili anaweza kuishi na Kiingereza kidogo kwa muda mrefu.

“Please” nayo isibebeshwe mzigo usiouweza. “Tafadhali” huokoa sentensi nyingi za Kiswahili, lakini “Give me my key, please” bado ni amri yenye shanga. “Can I have my key, please?” ndiyo ombi. Mahali pake salama ni mwishoni mwa sentensi, au baada ya “could you”: “Could you please sign here?”

Tahadhari moja upande wa uwezo: kumuuliza mtu “Can you speak English?” kunaweza kuonekana kama kumshuku. “Do you speak English?” inauliza desturi yake, haimpimi. Na “Can I help you?”, ambayo muuzaji huisema kwa tabasamu, ikisemwa kwa sauti nzito na mlinzi wa getini maana yake ni kwamba unatafuta nini hapa.

Kujibu, na kujibiwa

Mtego mkubwa wa majibu ni “Would you mind”. “Would you mind opening the window?” neno kwa neno inauliza kama utachukizwa kufungua dirisha. Aliye tayari kufungua hujibu “No, not at all”. Anayejibu “Yes” kwa moyo mweupe amesema kwamba ndiyo, anachukizwa. Katika mazungumzo Waingereza wenyewe hukwepa utata huu kwa kusema “Sure” na kufungua dirisha, na mwanafunzi anaruhusiwa kukwepa vilevile.

Maswali yenye kukanusha yana ugumu wa aina hiyo. “Huwezi kuja kesho?” Mswahili asiyeweza anaitikia, “Ndiyo, siwezi.” Anakubaliana na aliyeuliza, na ana haki. Kiingereza hakijali kukubaliana. Kinatazama ukweli wa jambo. “Can't you come tomorrow?” Asiyeweza hujibu “No, I can't”, anayeweza hujibu “Yes, I can”. “Yes, I can't” haipo. Wafanyakazi wa hoteli na wa nyumbani wanaokwenda Dubai, Doha au Muscat, ambako mwajiri na mfanyakazi mara nyingi wote wanatumia Kiingereza cha kujifunza, hupoteza muda mwingi kwenye “yes” hii moja. Njia ya usalama ni kutoishia kwenye “yes” au “no”, bali kutaja jambo lenyewe: “No, I can't come tomorrow. I can come on Friday.”

“Could I sit here?” haijibiwi “Yes, you could”. “Could” ilikuwa ya heshima ya anayeomba. Anayetoa ruhusa haihitaji, husema “Yes, of course” au “Yes, you can”. Kitu kikikabidhiwa mkononi huambatana na “Here you are”. Anayeshukuriwa hujibu “You're welcome”. “Welcome” peke yake, tunayoitoa kwenye “karibu”, wazungumzaji wengi huisikia kama mapokezi ya mlangoni.

Kukataa ndiko kugumu zaidi, kwa sababu Mswahili mstaarabu hakatai. Husema “tutaona”, “inshallah”, “nitajaribu”, na mwenzake anaelewa. Mwingereza akisikia “I will try” anaandika kwenye kalenda. Kukataa kwa adabu kwa Kiingereza kuna sehemu tatu fupi: majuto, kutoweza, na sababu au njia nyingine. “I'm sorry, I can't work on Saturday. My sister is getting married. I can work on Sunday.” Pahali pa “I'm sorry” panaweza kukaa “I'm afraid”, ambayo haina uhusiano na woga: “I'm afraid the manager isn't here today.” Sababu isiwe ndefu. Maelezo ya ukoo mzima humfanya msikilizaji ashuku.

Na anayekataliwa asinyamaze, maana ukimya baada ya “no” husomeka kama kununa. Maneno ni machache, nayo hutamkwa kwa sauti ya kawaida: “No problem. Thanks anyway.”